Mlaji kwa Niaba ya Taifa

Ilikuwapo nchi moja, na kwa habari nilizonazo ingalipo. Jina lake silitaji, si kwa woga bali kwa adabu: wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, nami leo sina nafasi ya kusifu. Nchi hiyo ilijaliwa mito, madini ya kila rangi, na Serikali yenye huruma isiyo kifani. Huruma yenyewe ilikuwa hivi: Serikali haikupenda kabisa kuwaona wananchi wake wakichoka, kwa hiyo kila jambo zito ilikuwa ikilifanya kwa niaba yao.

Mvua zilipokata, wajumbe walipelekwa ng'ambo kwenye nchi ya manyunyu, wakasimama nje ya hoteli wakalowana kwa niaba ya wakulima. Daraja lilipoanguka, Waziri wa Majonzi, mtu mwenye machozi ya karibu, alilia redioni kwa niaba ya wafiwa, na wafiwa wakaombwa wasirudie kazi iliyokwisha kufanywa. Habari za kura sizisemi. Na palipokuwa na karamu, na karamu hazikukosekana, palikuwa na mtu wa kula kwa niaba ya taifa. Mtu huyo alikuwa Bwana Zuberi Makanyaga, Naibu Mkurugenzi wa Dhifa, Upande wa Kula.

Bwana Makanyaga aliijua kazi yake. Alikula ndafu kwa niaba ya wafugaji, akala keki kwa niaba ya vijana, na kwa niaba ya wakulima wa miwa alikunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kitambi chake kilikuwa mali ya umma. Wageni walikitazama, wakarudi kwao wakaandika kwamba nchi ile haina njaa. Hata askari wa getini pale wizarani alikuwa akikipigia saluti kitambi kwanza, kisha ndipo akampigia mwenyewe.

Nyumbani kwake alikuwapo mkewe, Bi Sikudhani, mwanamke mwenye bustani nyuma ya nyumba na maneno machache mdomoni. Kila jioni Bi Sikudhani alimwekea mumewe chakula, akakifunika kwa kawa. Kila jioni mumewe alirudi ameshiba kwa ajili ya watu wote wa nchi ile isipokuwa yeye. Asubuhi chakula kililiwa na kuku. Walikuwa kuku wenye afya njema sana.

Sasa siku moja Bwana Makanyaga alirudi kutoka kwenye dhifa ya kupokea shehena ya samaki wa kopo, akakatiza sebuleni, na mkewe akaona alama za damu sakafuni.

"Baba Shani, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

Bi Sikudhani akamketisha, akamvua kiatu. Msumari ulikuwa umepenya soli ukaingia unyayoni, na mwenye unyayo alikuwa ametembea nao tangu mchana akipeana mikono na mabalozi. Hakuhisi chochote. Mkewe alipouchomoa, mume alitazama kama vile unachomolewa kwenye mguu wa jirani.

Daktari alipima damu, akavua miwani. "Mzee wangu, hiki ni kisukari, na kimekaa. Mguu umeshaanza kunyamaza. Mguu ukinyamaza, siku moja unaaga. Punguza kula."

"Daktari, kula ndiyo kazi yangu."

"Basi chagua, kazi au mguu."

Bwana Makanyaga alirudi nyumbani. Alikuwa akimkumbuka marehemu baba yake, ambaye katika uzee wake alikuwa akiwaomba wanawe wamkune kidole cha mguu uliokwisha kukatwa na kuzikwa. Watoto walikuwa wakicheka. Yeye naye alicheka, na sasa kile kicheko kilimrudia. Aliogopa, nakwambia, kama mtoto.

*

Mungu si Athumani. Wiki ileile Mheshimiwa Mkuu alirejea kutoka kwenye matibabu ng'ambo. Mganga wa huko alikuwa amemwambia kwamba kwa mwezi mzima ale chakula kama kilivyotoka ardhini: kisichokobolewa, kisichotiwa sukari, kisichopita kiwandani. Mheshimiwa Mkuu alilipenda wazo hilo kiasi kwamba aliona haya kulifaidi peke yake. Akatangaza Mwezi wa Taifa wa Chakula Asilia. Na kwa kuwa yeye pia ni sehemu ya taifa, naye angewakilishwa.

Nani wa kuwakilisha? Faili lilizunguka ofisi tatu, likarudi lilikoanzia. Mlaji alikuwapo tayari.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Waziri wa Lishe, Mlo na Mambo Yanayofanana na Hayo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo taifa zima linajinyima. Lakini msihangaike! Serikali yenu sikivu imemteua Bwana Makanyaga ajinyime kwa niaba yenu. Ninyi endeleeni na shughuli zenu kama kawaida!"

Watu walipiga makofi. Wengi wao walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na walifurahi kusikia kwamba hata hilo sasa lina mtu wa kulishughulikia.

Palepale jukwaani Bwana Makanyaga alikabidhiwa kijitabu chenye jalada la kung'aa: *Mafunzo Niliyoyapata Katika Mwezi Wangu wa Chakula Asilia*, kimeandikwa na Zuberi Makanyaga. Juu palikuwa na picha yake akitabasamu, uso wake umepachikwa kwenye mwili wa mkimbiaji.

"Mheshimiwa Waziri," alisema kwa sauti ya chini, "mbona mimi bado sijaanza?"

"Ndiyo maana tumekuandikia mapema. Mtu mwenye njaa usimpe kazi ya kufikiri."

Funzo la kwanza lilisema: Nimejifunza kwamba Serikali inanipenda. La pili lilisema kwamba njaa ni mawazo tu. Hayo mengine yalimpongeza Waziri kwa mpangilio tofautitofauti.

Lakini moyoni, msomaji wangu, Bwana Makanyaga alikuwa anacheka kwa furaha. Kile ambacho daktari alimwomba kwa kumsihi, Serikali imempa kwa amri. Mguu umepona, alijiambia. Basi bado hajaijua Serikali yake, na alikuwa ameitumikia maisha yake yote.

*

Kanuni zilikuja kesho yake. Chakula asilia, zilisema, ni chakula kilichothibitishwa kuwa ni asilia. Hakiwezi kuthibitishwa bila lebo. Lebo imejaribiwa kubandikwa kwenye jani la mchicha, ikadondoka. Kwa hiyo chakula asilia ni lazima kiwe ndani ya kopo. Makopo yanaletwa na kampuni moja ya ng'ambo ambayo mwakilishi wake nchini, kwa bahati tu, alikuwa shemeji yake Waziri.

Akaletewa makopo gari zima, na pamoja na makopo akaletewa mtu wa kumchunga: Bwana Ambakisye, Afisa Ufuatiliaji wa Kinywa, mtu mrefu, mnyamavu, mwenye suti moja na macho yasiyopepesa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kisichotoka koponi hakiingii kinywani.

Bwana Makanyaga alikula makopo kwa moyo mkunjufu. Palikuwa na mchicha asilia wa unga, maharage asilia laini yasiyohitaji meno, na uji asilia wenye ladha ya asili ya keki. Mbele ya kila kopo paliandikwa: HAKUNA KILICHOONGEZWA. Nyuma, kwa herufi za chungu, yaliorodheshwa yaliyoongezwa. Kila jioni alichukua sindano ya mkewe akajichoma kidole gumba cha mguu taratibu, akisubiri kuumia. Hakuumia. Akachoma kwa nguvu zaidi. Kimya.

Alikwenda kwa daktari. Sukari ilikuwa imepanda.

"Mzee, unakula nini?"

"Asilia tupu, daktari. Kwa amri."

Daktari akaomba kopo, akasoma nyuma yake kwa kulisogeza puani. "Sharubati asilia ya miwa," alisoma. "Mzee wangu, hii ni sukari imevaa kanzu."

Siku hiyo Bwana Makanyaga hakutaka chai wala maongezi. Alikaa kitandani akautazama mguu wake. Ulikuwa mguu mzuri tu, wa kawaida, wenye kovu la utotoni kwenye kisigino, na aliuonea huruma kama mtu anayesafirishwa bila kuagwa.

*

Palikuwa na jambo moja ambalo Wizara haikulipangia utaratibu, nalo ni usingizi wa Bwana Ambakisye. Saa za mchana, jua likiwa utosini, afisa alikuwa akilala kibarazani kwa kuegemea masanduku ya makopo. Mchana mmoja Bwana Makanyaga alimruka miguu, akapita uani, akaingia jikoni kwa mkewe. Nakumbusha kwamba ilikuwa nyumba yake. Hata hivyo alijiuliza jikoni ni mlango upi.

Bi Sikudhani alikuwa anasonga ugali wa dona, unga usiokobolewa. Pembeni palikuwa na matembele ya bustanini yaliyopikwa kwa nyanya na karanga, na kunde zilizochemshwa tu na chumvi.

"Mama Shani, nina njaa."

Mkewe aligeuka na mwiko mkononi. Tangu walipooana, neno hilo alikuwa hajalisikia kutoka kwa mume yule. Alisogeza kigoda, akamnawisha mikono, kisha akageukia ukutani kidogo, akipangusa macho kwa ncha ya khanga, na akasingizia moshi.

Mwanzo ulikuwa mbaya, sifichi. Bila sukari kichwa kilimgonga kama ngoma ya harusi ya wengine. Alimtukana paka. Aliota amesimama kwenye foleni ndefu ya vitumbua, na kila alipofika dirishani aliambiwa leo vinauzwa kwa niaba. Chai kavu aliinywa akikunja uso, akidai ni maji ya kuoshea sufuria.

Lakini dona halimezwi hivihivi, linatafunwa, na mwenye kutafuna hana budi kusikiliza. Bwana Makanyaga akaanza kumsikia mkewe. Akajua kwamba Shani, binti yao, ameshahitimu na anafanya kazi mji wa pili. Akajua kwamba yule paka aliyemtukana si yule anayemdhani, yule alikufa zamani na huyu ni mjukuu wake. Akajua kwamba matembele yana utamu, na kwamba utamu huo ulikuwa ukiliwa na kuku kwa miaka yote hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mkewe.

"Ulikuwa umeshiba, baba. Mtu aliyeshiba haambiwi kitu."

*

Siku ya kushikwa haikawii. Mchana mmoja Bwana Ambakisye aliamka mapema, akafuata harufu, akasimama mlangoni mwa jikoni. Akamkuta mwakilishi wa taifa ameshika tonge la dona, na jani la tembele limening'inia mdomoni kama ushahidi.

"Mzee Makanyaga! Unakula vyakula asilia visivyothibitishwa!"

Tonge lilibaki hewani. Bwana Makanyaga aliona cheo kinakwenda, na nyuma ya cheo mguu unakifuata. Lakini katika nchi ile palikuwa na mila moja kongwe kuliko Serikali: ukimkuta mtu anakula, akakukaribisha, hukatai. Kukataa ni kusema kwamba una shaka na mikono ya mpishi. Vita vilishawahi kuanza kwa ajili hiyo.

"Karibu tule, baba," alisema Bi Sikudhani bila kugeuka.

Bwana Ambakisye alipepesa macho kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Mama, mimi niko kazini."

"Ndiyo, nakuona. Karibu unawe."

Akanawa. Akasema ataonja tonge moja tu, kwa heshima. Alimega, akachovya, akatafuna. Halafu akavua koti.

"Mama, hivi ndivyo alivyokuwa akipika bibi yangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya kiofisi tena.

Taarifa yake ya wiki hiyo ilieleza kwamba kinywa kiko shwari.

*

Sukari ikaanza kushuka, na kitambi nacho kikaanza kumuaga mwenyewe. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa maana katika nchi ile mtu mwenye cheo hakondi. Akikonda, ama ameugua, ama ameachishwa, na lolote kati ya hayo linaambukiza. Wakurugenzi wenzake wakawa wakimwona wanakumbuka kwamba wamesahau kitu ofisini. Askari wa getini alikitafuta kitambi cha kukipigia saluti, akakikosa, akamrudisha Bwana Makanyaga nje: "Wewe si yeye. Yeye tunamjua."

Siku ya kilele ilipofika, Waziri alimkuta kwenye chumba cha kusubiria, akapigwa na butwaa.

"Umefanya nini, bwana wee?"

"Nimepungua, Mheshimiwa. Si ndicho kilichotakiwa?"

"Taifa linataka upungue, halitaki ukonde! Mabalozi wapo! Watasema Serikali inawanyima watu wake chakula."

Suluhisho lilipatikana papo hapo, kwani nchi ile haikukosa wataalamu. Mto ulitolewa kwenye kiti cha wageni wa heshima, ukafungwa tumboni mwa Bwana Makanyaga kwa mshipi wa bendera, koti likafungwa vifungo juu yake. Askari wa getini alipoona, alipiga saluti.

Uwanja ulikuwa umefurika, maana palikuwa na uvumi kwamba patakuwa na chakula. Mheshimiwa Mkuu alikuwa ameketi katikati, naye alikuwa amenenepa kidogo, kwa sababu kujinyima kwake kulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Bwana Makanyaga alipandishwa kwenye mizani ya marobota ya pamba. Mizani ilisoma pungufu kubwa, mabalozi wakatazama tumbo lisilopungua, wakaandika kwamba nchi hii ina mengi ya kuufundisha ulimwengu.

Waziri akapaza sauti. "Kwa mafanikio haya, Bwana Makanyaga anakuwa Mkurugenzi kamili wa Dhifa! Na kuanzia leo atazunguka mikoa yote kusherehekea Mwezi wa Chakula Asilia. Kila wilaya, keki yake!"

Ya kwanza ililetwa na watu wanne. Ilikuwa na ngazi saba, sukari yake nyeupe ikimeremeta juani, na juu kabisa pameumbwa kopo la sukari. Bwana Makanyaga akapewa kisu mkono mmoja na kijitabu cha mafunzo mkono wa pili.

Alisimama pale. Keki aliitamani, mate yalimjaa mdomoni, nisimpe utakatifu asiokuwa nao. Chini ya meza mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga waya wa kipaza sauti, naye hakujua mpaka alipouona kwa macho. Akamkumbuka baba yake akiomba kukunwa. Akaweka kisu chini, akafungua vifungo vya koti, akauvuta mto, akaulaza mezani kando ya keki.

Uwanja mzima uliguna.

"Mheshimiwa Mkuu," alisema, "nilichokula mwezi huu ni dona na matembele ya mke wangu. Makopo yenu yalinipandisha sukari. Na keki hii, kwa heshima zote, siili. Nimekula kwa niaba ya taifa hili mpaka mguu wangu hauna habari na mimi. Leo naomba taifa lije kula lenyewe."

Kisha kutoka majukwaa ya juani, mwanamke mmoja akajibu kwa sauti ya kuitika mwito: "Haya, tunakuja!"

Wakaja. Walishuka ngazi kwa maelfu, wakipisha wazee mbele kama inavyotakiwa, na keki ya ngazi saba ikaisha kabla Waziri hajamaliza kusema "utaratibu". Ilikuwa ndiyo dhifa ya kwanza ya taifa iliyohudhuriwa na taifa. Taarifa rasmi iliiita vurugu.

*

Bwana Makanyaga aliachishwa kazi kwa kosa la kula kwa niaba yake mwenyewe. Gari likachukuliwa, na nyumba ikabaki tu kwa kuwa ilikuwa ya urithi wa mkewe. Serikali, kwa upande wake, ilijifunza haraka. Sheria mpya ikatungwa kuhusu matembele: ni tunu ya taifa, hayaruhusiwi kumea nje ya kopo. Yalianza kuuzwa kwa bei ambayo wananchi walishauriwa kuifurahia kwa niaba.

Aliyetumwa kung'oa bustani ya Bi Sikudhani ni Bwana Ambakisye, na jembe begani. Alifika mchana, chakula kikiwa mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu tule."

Alikula, akashukuru, akatoka uani, akang'oa maua yote ya upande wa barabarani kwa bidii kubwa. Akaandika kwamba zoezi limekamilika. Matembele yalibaki nyuma ya nyumba yakitambaa yanavyotaka, na Bwana Makanyaga, Mkurugenzi mstaafu bila mafao, akawa ndiye anayeyamwagilia, peku, suruali imekunjwa hadi magotini.

Miezi ilipita. Asubuhi moja redio ya jirani ilikuwa ikitangaza kwamba taifa limepona kabisa, na Waziri wa Majonzi alikuwa akilia machozi ya furaha kwa niaba ya wote. Ghafla Bwana Makanyaga alipiga ukelele huko bustanini. Bi Sikudhani alitoka mbio, mwiko mkononi, akidhani ni askari wamekuja.

Alimkuta mumewe amekaa kitako kwenye matope, ameushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Kuna nini, baba Shani?"

"Siafu! Mama Shani, siafu ameniuma! Hapa, kidoleni! Inauma!"

Kweli, alikuwapo siafu mmoja, kichwa chekundu, ameng'ang'ania kidole gumba kwa nguvu zake zote. Bi Sikudhani aliinama, akanyoosha mkono amtoe. Mumewe akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Mwache kidogo."